Mgonjwa wa tumbo aulizwe kazi aliyofanya na maji aliyokunywa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo lililonikaa moyoni kwa miaka mingi, ambalo makala zenu za karibuni kuhusu saratani na sumu za mazingira zimeligusa bila kulifikisha mwisho. Nilifanya kazi katika maabara ya patholojia hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kupokea vinyama vilivyokatwa tumboni mwa wagonjwa, yaani vipande vidogo vya ini, tumbo, utumbo, kongosho na kibofu, kuvikata vyembamba kuliko unywele, kuvipaka rangi na kumpelekea daktari avitazame kwa hadubini. Kila kinyama kilifika na fomu yake, na fomu ile ilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Kazi ya mgonjwa". Mara nyingi mstari huo ulikuwa mtupu. Ulipojazwa, uliandikwa neno moja tu: mkulima, fundi, mama wa nyumbani. Hakuna aliyeandika mkulima huyo alinyunyizia dawa gani, kwa miaka mingapi, wala maji aliyokunywa tangu utotoni yalitoka wapi.

Siwalaumu madaktari. Daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango humuuliza mgonjwa wa tumbo maumivu yako wapi, yalianza lini, anatapika au hatapiki, kisha humwandikia dawa, na kwa wagonjwa walio wengi hilo linatosha. Ninacholalamikia ni kwamba tunasoma kila siku kuwa utafiti wa sumu na saratani umepiga hatua kubwa, ilhali tumesahau jinsi utafiti huo ulivyoanza. Karibu kila mara ulianza na mtu aliyemuuliza mgonjwa ameishi vipi, akaliandika jibu.

Chukua mfano wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Mwezi Januari 1974 ilitangazwa kwamba wafanyakazi kadhaa wa kiwanda kimoja cha plastiki mjini humo walikuwa wamekufa kwa angiosakoma ya ini, saratani ya mishipa ya damu ndani ya ini ambayo ni nadra kiasi kwamba daktari anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Aliyeutambua mfuatano huo ni Dakta John Creech, daktari wa upasuaji aliyewahudumia wafanyakazi wa kiwanda hicho. Kwa daktari mwingine yeyote, kila kifo kingekuwa msiba wa pekee, ini moja lililoharibika kwa sababu isiyojulikana. Creech aliwajua wagonjwa wake kwa kazi yao: walikuwa wakisafisha matangi ambamo gesi ya vinili kloridi ilibadilishwa kuwa plastiki. Katika muda usiofika miaka miwili, Marekani ilikuwa imeshusha kiwango cha gesi hiyo kilichoruhusiwa kazini kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi sehemu 1 kwa milioni. Mstari uliojazwa kwenye fomu uliokoa watu ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.

Au chukua Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa figo mjini Brussels waliona wanawake, baadhi yao wakiwa bado vijana, ambao figo zao zilikuwa zikisinyaa na kufa kwa kasi isiyoelezeka. Walipowauliza, walibaini kwamba wote walikuwa wamepita katika kliniki moja ya kupunguza uzito na kumeza vidonge vya mitishamba. Ndani ya vidonge hivyo mmea mmoja ulikuwa umechukuliwa na mwingine wenye jina la kufanana nao kwa Kichina, na huo mwingine ulikuwa wa jamii ya Aristolochia, wenye asidi inayoua figo. Mambo hayakuishia kwenye figo. Mwaka 2000 iliripotiwa kwamba kati ya wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo na mirija ya mkojo kwa tahadhari, 18 walikutwa tayari wana saratani. Mmea wa jamii hiyohiyo ndio uliokuja kueleza ugonjwa wa figo uliowatesa wakulima wa vijiji vya Balkani, kando ya matawi ya mto Danube, ambao ulikuwa fumbo tangu miaka ya 1950: magugu yaliota ndani ya mashamba ya ngano, mbegu zake zikavunwa na kusagwa pamoja na nafaka. Watu walikula sumu nyumbani kwao kwa vizazi, na hakuna kiwanda kilichokuwa karibu cha kulaumiwa.

Napenda wasomaji wako wakae kidogo na mfano wa sumukuvu, kwa sababu kwangu mimi ndio mfano unaofundisha kuliko yote, na nadhani haujawahi kuelezwa kikamilifu katika magazeti yetu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Chanzo kilikuwa chakula chao, mashudu ya karanga yaliyoota kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na kutokana na jina la kuvu huyo sumu ikaitwa aflatoksini. Muda si mrefu ilionekana kwamba sumu hiyo huwapa panya saratani ya ini. Lakini je, binadamu? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa gumu, kwa kuwa sehemu zenye sumukuvu nyingi zilikuwa pia ndizo zenye wagonjwa wengi wa homa ya ini aina ya B, na kila upande ulikuwa na wataalamu wake waliodai kwamba chanzo halisi ni kile cha kwao.

Jibu lilitoka Shanghai. Watafiti waliwaandikisha wanaume 18,244, wakachukua mkojo na damu zao wakiwa bado wazima, wakavihifadhi na kusubiri. Baadhi yao walipougua saratani ya ini, sampuli zao zilitolewa kwenye barafu na kulinganishwa na za wenzao ambao hawakuugua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba mtu mwenye alama za sumukuvu kwenye mkojo peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya asiye nazo, na mwenye virusi vya homa ya ini B peke yake mara 7.3. Mwenye vyote viwili hakuwa na hatari mara 10 au 11, kama mtu angedhani kwa kujumlisha. Alikuwa na hatari karibu mara 60.

Tarakimu hiyo nimeirudia kwa wanafunzi wengi waliopita maabarani kwetu, nami naiona bado inastahili kurudiwa. Maana yake inafahamika mtu akilijua ini. Sumukuvu ikiingia mwilini haina nguvu hiyo yote. Ni ini lenyewe, katika kujaribu kuivunja ili itolewe, ndilo huigeuza kuwa kitu kikali kinachojinasa kwenye vinasaba. Seli iliyotulia ina muda wa kurekebisha jeraha hilo kabla halijawa la kudumu. Seli za ini lenye virusi hazijatulia: zinakufa na nyingine zinazaliwa kuziba pengo, mwaka baada ya mwaka, na kila seli inayogawanyika kwa haraka inanakili kosa ambalo halijarekebishwa. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, waliochunguza vivimbe vya ini kutoka China na kusini mwa Afrika, yalikuta kosa lilelile mahali palepale, nafasi ya 249 ya jeni iitwayo TP53, jeni ambayo kazi yake ni kuizuia seli yenye hitilafu isiendelee kuzaana.

Basi wale waliobishana kwa miaka kama ni virusi au ni sumu walikuwa wakibishana juu ya mkono upi ndio uliopiga makofi. Na faida yake si ya kielimu tu. Palipo na sababu mbili zinazokuzana, kuiondoa mojawapo kunapunguza madhara ya nyingine. Taiwan ilipoanza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 1984, saratani ya ini kwa watoto ilipungua waziwazi katika miaka iliyofuata. Kukausha na kuhifadhi nafaka vizuri ni kinga ya saratani kwa maana halisi ya neno hilo, na chanjo ya mtoto ni kinga dhidi ya sumu ambayo bado hajaila.

Ndiyo maana nasikitika kila ninaposoma makala inayoweka maradhi ya kawaida ya tumbo ukurasa mmoja na sumu za mazingira ukurasa mwingine. Vidonda vya tumbo, kwa mfano, kwa muda mrefu vilisemwa kuwa vinatokana na mawazo mengi na asidi. Robin Warren na Barry Marshall, wakiwa Perth, Australia, walionyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa. Marshall alifikia hatua ya kunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 akaugua tumbo, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1994 bakteria huyo alikuwa tayari ameingizwa katika orodha ya visababishi vya saratani. Hata hivyo watu wengi mno duniani wanaye tumboni, na ni wachache kati yao wanaopata saratani ya tumbo. Kwa nini hawa na si wale? Mwanapatholojia Pelayo Correa, mzaliwa wa Colombia, alieleza safari ndefu ya utando wa tumbo: unavimba kwa miongo, unapungua na kupoteza seli zinazotoa asidi, kisha unaanza kufanana na utando wa utumbo, na mwisho wa baadhi ya safari hizo ndipo saratani ilipo. Katika safari hiyo bakteria hana budi kusaidiwa, na miongoni mwa wanaomsaidia ni chumvi nyingi, moshi wa tumbaku, na kemikali za jamii ya nitrosamini ambazo huweza kutengenezwa ndani ya tumbo lenyewe. Nimeziona hatua zote hizo kwenye slaidi, wakati mwingine katika kinyama kimoja cha mgonjwa mmoja. Kuna wagonjwa waliomeza dawa za kupunguza asidi kwa miaka, wakinunua wenyewe bila kupimwa, hadi walipofika kwetu wakiwa wamechelewa.

Najua kuna wasomaji watakaosema kwamba mambo ya kumhoji mgonjwa ni ya kale, na kwamba siku hizi vinasaba vya uvimbe vinasomwa vyote na sumu hujulikana kwa alama iliyoacha, yaani mpangilio wa makosa iliyoyasababisha katika vinasaba hivyo. Ni kweli kwamba baadhi ya sumu huacha alama. Asidi ya Aristolochia huacha alama iliyo bayana kiasi kwamba haichanganywi na nyingine, na sumukuvu pia ina yake. Lakini tafadhali wasome yaliyotokea mwaka 2021. Watafiti walisoma vinasaba vya saratani ya umio vya wagonjwa 552 kutoka mataifa 8, yakiwamo Kenya, Malawi, Tanzania, Iran na China, ambako baadhi ya maeneo yana ugonjwa huo kwa wingi wa kutisha na mengine unaonekana kwa nadra. Walitarajia kuikuta alama ya sumu inayotenganisha maeneo hayo. Hawakuikuta. Mwaka mmoja kabla, utafiti mwingine uliofanywa kwa panya waliopewa kemikali 20 zinazojulikana au kushukiwa kuleta saratani ulionyesha kwamba nyingi kati ya hizo huleta uvimbe bila kuacha alama ya kipekee katika vinasaba. Hazivunji maandishi ya seli; zinaichochea seli iliyokwisha kuharibika ikue. Tangu miaka ya 1940 wanasayansi walitofautisha kuanzisha na kuchochea saratani, na sasa tunaona kwamba uchochezi unaweza kuwa ndio sehemu kubwa ya kazi ya sumu nyingi zinazotuzunguka. Sumu isiyoacha alama haiwezi kusomwa na mashine yoyote. Itajulikana kwa njia ileile ya Creech na ya madaktari wa Brussels, yaani kwa mtu kuuliza na kuandika.

Si kila sumu inatoka kiwandani wala shambani. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa vivimbe 981 vya utumbo mpana kutoka nchi 11, uliokuta kwamba alama za kolibaktini, sumu inayotengenezwa na baadhi ya bakteria wa aina ya E. coli wanaoishi utumboni, zilikuwa nyingi mara 3.3 kwa wagonjwa waliogundulika kabla ya umri wa miaka 40 kuliko kwa waliogundulika baada ya miaka 70. Mpangilio wa alama hizo unaashiria kwamba ziliachwa mapema sana maishani, pengine katika miaka 10 ya kwanza. Utafiti huo haujathibitisha kwamba kolibaktini ndiyo sababu ya ongezeko la saratani ya utumbo mpana kwa vijana, na waandishi wake hawakudai hivyo. Lakini umenifanya nifikirie upya fomu yangu ya zamani. Hata kama mstari wa kazi ungejazwa vizuri, haukuuliza kitu chochote kuhusu utoto wa mgonjwa.

Umbali huo kati ya sumu na ugonjwa ndio unaowashinda watu kuamini. Katika mji wa Antofagasta, kaskazini mwa Chile, maji ya bomba yalikuwa na takriban mikrogramu 860 za aseniki kwa lita kuanzia mwaka 1958 hadi mwaka 1970, ulipojengwa mtambo wa kuyasafisha. Kiwango kinachopendekezwa sasa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10. Miaka 12 tu, kisha maji yakawa salama zaidi. Vifo vya saratani ya kibofu na ya mapafu, hata hivyo, viliendelea kuwa juu kwa miongo kadhaa baada ya mtambo kuanza kazi. Mgonjwa wa kibofu aliyeingia hospitalini katika miaka ya 1990 na kuulizwa anakunywa maji gani angejibu, kwa ukweli kabisa, kwamba anakunywa maji safi.

Sasa nirudi kwenye gazeti lako, kwa heshima. Mmechapisha zaidi ya mara moja habari kwamba kitu fulani kimetangazwa kuwa kinaleta saratani "sawa na sigara", kwa kuwa kimewekwa kundi la kwanza na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Makundi ya shirika hilo yanapima uthabiti wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Kundi la kwanza maana yake ni kwamba wataalamu wameridhika kuwa kitu hicho kinaweza kusababisha saratani kwa binadamu. Ndimo ilimo sigara, na ndimo iliwekwa nyama iliyosindikwa mwaka 2015, ambayo kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku zilikadiriwa kuongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Asilimia 18 si jambo la kupuuzwa, lakini haifanani hata kidogo na hatari inayompata mvutaji wa muda mrefu katika mapafu yake. Msomaji asiyeelezwa tofauti hiyo huingiwa na hofu ya kila kitu kwa wiki moja, kisha huchoka na kuacha kuhofu hata vile vinavyostahili. Naomba mwandishi wa habari za namna hiyo aeleze walau kiasi gani cha sumu kilichopimwa, kilipimwa katika mwili wa nani, kwa muda gani, na kama wahusika walikuwa na maradhi mengine yaliyowadhoofisha. Habari ikikosa hayo yote, ni afadhali isubiri.

Kwa wenye dhamana ya hospitali na sajili za saratani, ombi langu ni dogo na la gharama ndogo. Fomu inayoambatana na kinyama cha tumbo iwe na nafasi ya kuandika kazi zote alizofanya mgonjwa na miaka ya kila moja, mahali alipokulia, chanzo cha maji yake ya utotoni na ya sasa, tumbaku, mitishamba na dawa anazotumia, viuatilifu alivyowahi kushika, na kama amepimwa homa ya ini. Muuguzi au karani mwenye subira anaweza kuyapata hayo mgonjwa anaposubiri zamu yake. Na fomu zihifadhiwe pamoja na kinyama, kwa sababu vipande vile vya nta vyenye vinyama ndani yake tulivyovipanga kabatini vinaweza kusomwa tena hata baada ya miaka 30 kwa vipimo ambavyo leo havijabuniwa, lakini historia ya mgonjwa aliyefariki haiwezi kuulizwa tena.

Wasomaji wenye maradhi ya tumbo wasingoje fomu hizo zibadilishwe. Mwenye chakula kinachokwama kooni, damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, macho yaliyogeuka manjano, au anayepungua uzito bila kutaka, aende kupimwa sasa. Anapokwenda, aandike kwenye karatasi yake mwenyewe kazi zake zote tangu ujana na mahali pote alipowahi kuishi, ampe daktari, na aombe karatasi hiyo ibandikwe ndani ya faili lake.

Wako mtiifu,

Fundi sanifu mstaafu wa maabara ya patholojia